Perth au Melbourne

Doonside, Sydney
Jumapili, 9 Mei 2021

Mwanangu Joyceline,

Hujambo mama? Pole na huo mzigo wa mbele. Miguu bado inavimba? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututafuna vidole. Baba yako ameshatoa lile koti lake la kijani linalomfanya aonekane mgambo. Maua yako ya Siku ya Mama yamefika, asante sana. Nimemwambia yametoka kazini. Akayatazama, akasema, "Kazini wanakupenda," akaendelea na chai yake.

Nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye treni, naenda Penrith kwa wazee wangu ninaowatunza. Kukupigia simu nyumbani siwezi. Si unaijua nyumba yetu, ukikohoa jikoni unaambiwa pole kutoka chumbani.

Sasa nisikilize. Tarehe thelathini Juni tunatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Jubilei ya fedha, mwanangu! Kanisani wameamua kutuzawadia safari: tuchague mji mmoja, wao watulipie hoteli. Mimi sikufikiri hata kidogo, nikasema Perth. Baba yako naye hakufikiri, akasema Melbourne. Tukatazamana mbele ya mchungaji, tukacheka cheko la watu wa picha. Tulipofika nyumbani nikamwuliza, "Melbourne kuna nini?" Akanijibu, "Kuna Melbourne." Basi. Hayo ndiyo majibu ya mume wangu.

Mimi na wewe tunajua kwa nini Perth haitaki. Tangu Krismasi ile ya kabla ya korona, Owuor alipokuja mwenyewe, hana mshenga, hana mtu mzima nyuma yake, akakaa mezani akamwambia baba yako uso kwa uso, "Mzee, mimi na Joyceline tunaishi pamoja, tunaomba baraka," jina lako halijatajwa na baba yako humu ndani. Kijana hakukusudia ubaya, najua. Ila kwa Mpare, mwanamume kujiposea mwenyewe ni tusi. Posa hutumwa mtu mwenye mvi na maneno. Anakuja, anakaa, anazungukazunguka, anarudi kwao, anakuja tena. Baba yako aliinuka akaacha sahani imejaa. Mpare kuacha chakula! Hapo nilijua tumekwisha.

Na wewe utajifungua katikati ya Julai, mtoto wa kwanza, na presha hiyo, na Owuor anakaa mgodini wiki mbili, nyumbani wiki moja. Nani atakukanda? Nani atakukorogea uji? Tukienda Perth kwa jubilei, mimi nabaki kukuuguza, atakayetaka kurudi arudi. Umenikataza kumwambia baba yako habari ya mimba nami nimenyamaza, ingawa kunyamaza huku kunanipa kiungulia. Basi na wewe nisaidie. Mwambie Owuor atafute mshenga hapa Sydney, aje kabla hatujakata tiketi. Posa ikiingia kwa mlango wake, Perth haitakuwa mbali.

Mama yako,
Dorothea


Perth
12 Mei 2021

Mama shikamoo,

Natumaini mu wazima wewe na Baba, na wazee wako wa Penrith hawakusumbui. Mimi naendelea. Miguu imevimba mpaka viatu vya kazini nimeazima vya Owuor. Watu wanaokuja duka la dawa wanachungulia chini ya kaunta, nawaambia ni fasheni.

Mama, nitasema ukweli, nimesoma barua yako nikakasirika. Sikukukasirikia wewe. Kwa hiyo mpaka aje mtu mwenye mvi ndipo Baba akumbuke ana mtoto? Amenizaa, nimekula naye, amenifundisha kuendesha gari pale uwanja wa Seven Hills, halafu kwa sababu mtu mmoja hakutanguliza mtu mwingine, mimi nimefutwa? Akitaka Melbourne aende. Ale hoteli ya kanisa, apige picha.

Nimeandika hivyo, nikazunguka nyumba, nikarudi. Mama, naogopa. Daktari anasema presha ikiendelea kupanda watanianzishia uchungu mapema, labda Juni mwishoni. Owuor ameomba ratiba ibadilishwe, hawajamjibu. Usiku nikisikia kichwa kinauma naanza kuhesabu ni nani wa kumwamsha, na hakuna. Nataka uje. Nikisema mengine yote, jua nataka uje.

Mshenga tutatafuta. Owuor ana rafiki yake Gad, Mrundi, amesema kuna mzee wao Penrith anaitwa Mzee Méthode, amesimamia posa za vijana wengi wa kwao, anajua kusema. Atakuja.

Lakini habari ya mimba usimwambie Baba. Akinikubali, anikubali mimi. Sitaki kupokewa kwa sababu ya tumbo. Niahidi tena.

Mwanao,
Joyceline


Doonside
Jumapili, 23 Mei 2021

Mwanangu,

Salamu, na kaa kwanza kabla hujasoma. Umekaa? Presha vipi? Haya.

Mzee Méthode alikuja. Alikuja, Joyce, Ijumaa jua linazama. Mimi na baba yako tumesimama sebuleni, vitabu vya nyimbo mkononi, tunaifungua Sabato. Hodi! Baba yako akafungua. Nikaona mzee nadhifu, suti ya kahawia, barakoa safi, kofia ameishika kifuani. Moyo wangu ukasema, asante Yesu. Kisha nikatazama miguuni pake. Kreti la bia.

Loo! Nilitamani sakafu inimeze.

Kumbe kwao Burundi huendi kuomba mke bila pombe, mtu akienda hivyo anaonekana anacheza. Mzee wa watu amefanya heshima yote anayoijua! Amelibeba kreti mwenyewe kutoka stesheni, kwa umri ule. Na hakuna aliyemwambia kwamba huku anakokwenda ni kwa Msabato, tena mzee wa kanisa, tena Ijumaa magharibi. Mimi sikusema. Wewe hukusema. Owuor hakusema. Sote tulidhani mwingine amesema.

Baba yako akaliangalia kreti, akamwangalia mzee. "Umepotea nyumba?" Mzee Méthode akacheka, akidhani ni utani wa posa, maana kwao nako wanataniana hivyo. Akasema, "Hapana Mzee, sisi tumekuja kuomba, na maneno kubwa haiwezi kuongelewa na mdomo mkavu." Baba yako akajibu, "Basi kaa nao mkavu," akafunga mlango. Taratibu, wala hakuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Nilipitia mlango wa nyuma nikamkimbilia mzee, nimemkuta kwenye geti anafuta miwani. Ameniuliza kosa lake ni nini. Nilipomweleza akashika kichwa. "Mama, nimeharibia vijana." Nilimsindikiza na lile kreti mpaka stesheni, tumelishika huku na huku, na nikaomba tusikutane na mshiriki yeyote wa kanisa.

Baba yako tangu Ijumaa anasema neno moja tu: Melbourne. Juma hili anataka kukata tiketi. Nimemwambia mimi Melbourne siendi. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na tano namwambia siendi mahali. Amejipikia makande yake mwenyewe, amekula mwenyewe. Wanasema Mpare huuza ng'ombe apate kuendesha kesi ya kuku. Mimi naishi na mwenye kesi.

Usilie. Najua utalia, ila usilie sana.

Mama yako


Perth
28 Mei 2021

Mama shikamoo,

Mzima? Baba mzima? Mimi nimepunguziwa saa za kazi, nakaa zaidi kuliko kusimama.

Mama, umesikia? Melbourne wamefungiwa! Lockdown, kuanzia leo, hakuna kuingia wala kutoka! Najua ni dhambi kufurahia shida za watu, nimeshatubu, lakini nilipiga kelele peke yangu jikoni. Sasa amebaki na Perth. Mwambie leo leo, kabla hajapata wazo la Brisbane.

Mzee Méthode alimpigia Owuor, ameomba radhi mara kumi. Owuor naye anajilaumu. Nimemwambia aache kujilaumu, kwa Baba hata malaika Gabrieli angekuja angeulizwa kama amepotea nyumba.

Niandikie umefikia wapi.

Mwanao,
Joyceline


Perth
10 Juni 2021

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Wiki mbili. Nakuona umesoma ujumbe wangu na hujibu. Kama unaumwa niambie. Kama Baba amechukua simu yako, basi Baba, shikamoo, hii ni mimi.

Jana nilipimwa. Presha imepanda tena. Sasa nimeambiwa nisiende kazini kabisa, nilale kwa ubavu wa kushoto. Wamesema hawatangoja Julai, tarehe ishirini na nane Juni wanataka wanianzishie, au hata kabla. Owuor amepewa ruhusa kuanzia tarehe ishirini na saba, si mapema zaidi.

Na leo nasikia Melbourne wamefunguliwa. Kama mtaenda huko, nenda salama. Lakini niambie, nijue nijipange vipi. Kungoja bila kujua ndiko kunakonipandisha presha.

Joyceline


Doonside
Ijumaa, 18 Juni 2021

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe ukimya wangu. Mimi mzima, baba yako mzima. Nilikuwa na aibu, nawe utaniambia kama ilinistahili.

Ile barua yako ya Melbourne kufungiwa niliisoma jikoni nikacheka kwa sauti. Baba yako akaja mlangoni. "Watu wanafungiwa ndani, wewe unacheka?" Akanitazama, akaenda zake. Tukaishi hivyo, shikamoo ya macho asubuhi, usiku mwema wa mgongo. Sikuwa na la kukuandikia. Kila siku nilisema nitamwambia Perth kesho.

Halafu ikaja tarehe kumi. Nimetoka kusoma barua yako ya presha, naye anaingia na koti lake, anavua viatu, anasema kwa furaha, nasema kwa furaha Joyce, "Mke wangu, Melbourne wamefungua, nimekata tiketi zetu mbili, tarehe ishirini na nane." Tarehe hiyo hiyo! Nikapasuka. Nikamwambia, "Tarehe hiyo mtoto wako atakuwa kitandani hospitali peke yake anazaa mjukuu wako, na presha, na anaweza kufa, na wewe utakuwa Melbourne unapiga picha!"

Ndiyo. Nimevunja ahadi. Ulinikataza mara mbili, nami nimesema, tena kwa kupiga kelele, majirani wote wamejua. Ndiyo sababu nilishindwa kukuandikia. Nikasirikie ukitaka, lakini ungeniona siku ile ungenihurumia.

Baba yako akavaa tena viatu vyake vile vile alivyokuwa amevua. Akatoka. Nilidhani amekwenda kwa mchungaji kunishtaki. Nilimfuata baadaye, nikamkuta stesheni, kwenye kile kibenchi cha upande wa treni za mjini, treni zinapita hapandi. Nikakaa kando yake. Akaniuliza swali moja, "Amefikisha mwezi wa ngapi?" Nikamwambia. Tukarudi nyumbani, na hiyo habari hakuigusa tena.

Wiki nzima imepita hivyo, mimi nikipanga kimoyomoyo kutoroka. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshatia nguo mbili kwenye mfuko wa kazini. Mwanamke mzima, mke wa mzee wa kanisa! Halafu juzi ndiyo umesikia, korona imetokea tena hapa Sydney, upande wa Bondi, na kila mtu anasema Perth hawachelewi kufunga mpaka. Jana sikulala.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta karatasi mezani chini ya kikombe changu. Tiketi. Perth, Jumapili tarehe ishirini, asubuhi. Jina moja, Dorothea. Na kibali cha kuingia huko amekiombea yeye mwenyewe kwenye simu yake, mtu ambaye hata kutuma picha huwa ananiomba mimi.

Nikamwuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi siwezi kuingia nyumba ambayo sijaombwa. Wewe ni mama, uzazi haungoji." Nikasema, "Na jubilei?" Akasema, "Tumekaa pamoja miaka ishirini na tano. Tutakaa mbali wiki chache." Akavaa koti akaenda kazini.

Nilikaa pale mezani nikalia mpaka chai ikapoa. Sijui nililia nini. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, lakini nilimwonea huruma, nikamkasirikia tena, nikamwonea huruma tena. Mpaka mwisho hajasema jina lako.

Nakuja, mwanangu. Jumapili jioni nitakuwa kwako. Usipike chochote. Lala ubavu wa kushoto.

Mama yako


Doonside
Ijumaa, 2 Julai 2021

Binti yangu Joyceline,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi ni mzima. Sydney imefungwa tangu Jumamosi iliyopita, ibada tunafanyia kwenye simu, na nasikia hata Perth mmefungiwa. Natumaini presha imeshuka kama mama yako alivyonieleza, na kwamba unakula. Amenipa habari kuwa mtoto ni wa kike na kwamba ana sauti. Nimemshukuru Mungu. Pale ghalani Seven Hills niliwaambia watu wote wa zamu yangu, hata wale ambao sikuwahi kuwaambia kuwa nina binti Perth.

Naandika kukueleza habari ya Melbourne, kwa sababu mama yako na wewe mlidhani nakwenda huko kukukimbia. Sikuwalaumu. Sikusema, nanyi mngejuaje?

Krismasi ile niliinuka mezani, lakini sikuwa kiziwi. Kabla ya kuinuka nilimsikia Owuor akisema kwamba baba yake alifariki zamani, na aliyemlea ni baba yake mdogo, Mzee Oloo, naye yuko Melbourne. Basi nikangoja Mzee Oloo atume neno. Nilingoja mwaka mzima na zaidi. Hakutuma. Alipokuja yule mzee wa bia, nilimwona kama mzaha, kwamba watu wa kijana hawajali kiasi hicho. Baadaye nilifahamu kuwa nilimkosea, na nimemwomba radhi.

Kanisa lilipotuambia tuchague mji, nilichagua Melbourne ili nibishe hodi kwa Mzee Oloo. Nilitaka nimwambie, "Mzee mwenzangu, tuma mtu. Sitakataa." Kwetu baba wa binti haendi. Babu yako angesikia jambo hilo angeninyima shamba. Na neno la namna hiyo huwezi kulisema kwenye simu, lazima mtu akuone macho. Ndiyo sababu sikumwambia mama yako. Nampenda mama yako, lakini siri ikilala kwake usiku mmoja, asubuhi imeota miguu. Angekwambia wewe, wewe ungemwambia Owuor, nami ningefika Melbourne nikiwa baba anayemtembeza binti yake mlango kwa mlango. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawatesa ninyi. Hilo nimeliona nilipoambiwa una presha.

Juzi, siku ya ndoa yetu, nilikuwa peke yangu humu ndani. Melbourne sikuweza kwenda tena. Nikapata namba ya Mzee Oloo kwa Mzee Méthode, naye aliipata kwa yule kijana Gad, nikapiga. Nilijitambulisha. Akasema yeye alidhani sisi Wapare tumewakataa Wajaluo, kwa hiyo alikuwa akingoja hasira yangu ipoe ndipo atume mtu. Wazee wawili, Joyceline, tumengojana mpaka mtoto amezaliwa. Akaniambia nikate simu upesi, maana haifai mimi ndiye niwe nimepiga. Nikakata. Muda si mrefu akapiga yeye, na Mzee Méthode yuko naye kwenye laini kutoka Penrith. Mzee Méthode akabisha hodi kwa mdomo. Nikamkaribisha. Akaomba, akazunguka, akasifu, kama inavyotakiwa. Anajua kusema yule mzee. Nikamwambia nitafikiri, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa, nikafikiri kidogo, nikajibu ndiyo.

Kwa hiyo Owuor ni mkwe wangu. Mwambie hivyo kwa kinywa changu. Mahari ni mazungumzo yetu wazee, ninyi leeni mtoto. Mama yako akae huko muda wote unaomhitaji, asinifikirie. Makande najua kupika.

Limebaki moja, la mimi na wewe, na hilo halina mshenga. Nimefikiri nimtume nani kwako, nikaona hakuna. Nilipita mbele ya chumba chako mwaka wote huo na nusu kwa haraka, nisije nikasimama. Jina lako sikulitaja kwa sababu nilijua nikilitaja sauti itanikatika. Kwa mama yako napiga kila siku, na kila siku nakusikia nyuma yake unaongea na mtoto, nami nashindwa kusema nipe Joyceline. Jana nilishika simu nikatafuta namba yako, nikaiweka chini. Sijui baba huanza na neno gani.

Basi anza wewe. Nipigie, mwanangu. Mtoto akiwa analia usimbembeleze kwanza. Piga hivyo hivyo, nimsikie.

Baba yako,
Wilfred